Koti la Kalinga Kisiwani

Mdogo wangu Bertha,

Wasalimie wote hapo Iyunga. Mimi mzima, ila jasho linanimaliza. Huku kisiwani anakopika mwanangu Happy, wageni wanatoka mbali kuja kulala kwenye vibanda vya makuti visivyo na umeme wala mlango, eti ndiyo wanapumzika! Nilicheka, nikakumbuka jiko letu la nyasi kule Mgololo. Mtandao hakuna, barua hii ataibeba mwenye boti.

Happy aliniita nitulize moyo baada ya kumzika baba yake. Wananilisha samaki kila siku, nami natamani makande.

Shemeji Vitus akija kulidai koti la marehemu mume wangu Kalinga, usigombane naye. Siku ya kumaliza matanga nguo ziligawiwa ndugu, na koti ni fungu lake, ni haki yake. Mwambie nimesafiri nalo, asubiri kidogo. Happy alipolikuta kwenye begi langu nilimwambia nimelibeba kwa ajili ya baridi. Akalikunja, akalirudisha begini.

Bertha, huku watu wanalala wakijipepea. Mimi nalala nimelivaa.

Dada yako,
Severina