Dada na Jeti ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi hakuna ndege inayopaa kwenye uwanja huu. Hakuna! Rubani ataona nini kama kioo cha mbele kimejaa wadudu waliopondeka? Mimi ndiye macho ya anga nzima. Vyeti ninavyo viwili: ndoo na kitambaa. Shule niliiacha kidato cha pili – au yenyewe iliniacha, tusigombane.

Lakini leo nampisha Dada. Dada ni rubani, rubani kweli, anarusha ile ndogo ya abiria tisa. Leo kapata barua pepe: kampuni moja ya nje inamtaka akarushe jeti ya tajiri. Jeti! Viti vya ngozi, zulia, choo chenye bomba la dhahabu. Hilo la dhahabu nimeongeza mimi, ila litakuwepo tu.

Wamempa wiki mbili za kuamua, na wao huku watamhoji na kumuulizia kwa mkuu wake. Kaisoma mara tatu, kailaza simu kifudifudi mezani, kaenda kufua. Nguo zenyewe zilikuwa safi.

Jumanne, 4 Machi

Mama kauliza hiyo ndege inabeba watu wangapi. Dada kasema tajiri mmoja, siku nyingine na mkewe, siku nyingine mbwa peke yake. Mama, fundi cherehani wetu, akaweka mkasi chini.

"Ndege nzima kwa mbwa? Huyo bwana hana ndugu wa kumpa lifti?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Dada anapima. Upande huu: mshahara mara nne, mashine ya kisasa, kuiona dunia. Upande ule: simu haizimwi, tajiri akisema twende ni twende, mizigo unabeba mwenyewe, zulia unapiga brashi mwenyewe. Nikamwambia ya brashi aniachie mimi, anichukue kama fundi msaidizi.

"Wewe Propela? Utasugua mpaka rangi itoke."

Propela ni mimi. Ati kwa ajili ya mdomo, ukishawaka hauzimiki. Wivu huo!

Maoni yangu hakuyauliza, nimempa hivyo hivyo. Aende. Kwanza nitakuwa mdogo wake rubani wa jeti, si mchezo. Pili, chumba chake kina dirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa! Niandike ikiwa bado ya moto.

Mkuu wa marubani wetu ni Mzee Mawingu. Tunamwita hivyo maana hajawahi kuruhusu ndege kuondoka kabla hajatoka nje kuangalia juu, shingo imekunjika kama ya bata. Leo alikuwa huko huko nje. Mimi napiga deki ofisini kwake. Simu ya mezani ikalia. Ikakatika. Ikalia tena. Nikainua.

Mama mmoja, sauti kama ya redioni. Anatoka ile kampuni ya jeti. Je, anaongea na mkuu wa marubani?

Sasa mtu ajibu nini? Nikakohoa kizee. "Ndiye."

Lugha yao naimudu, nimeiokota kwa abiria. Akauliza habari za Dada, na mimi nikampigia debe mpaka debe likatoboka! Anawahi kazini? Kabla ya jua. Anaelewana na wenzake? Wanagombania kukaa naye. Amewahi kukataa kuruka, au kugeuza njiani? Hapo nikacheka kidogo, kicheko cha mkubwa. Huyu binti? Hajui maana ya kurudi! Mvua, radi, ukungu, kwake yeye ni vumbi tu. Abiria hajawahi kukwama kwa sababu yake.

 Nikasikia kalamu inaandika. Maskini, kapigwa na butwaa. Akashukuru, akakata.

Simwambii mtu. Wema hautangazwi.

Ijumaa, 7 Machi

Ndege mbili, wadudu kama mia tatu. Nimepima chumba cha Dada kwa hatua alipokuwa kazini. Kitanda changu kitaingia vizuri chini ya dirisha.

Jumamosi, 8 Machi

Mama hajasema nenda, hajasema baki. Leo kakata kitambaa kizito cha koti, kamwita Dada aje kupimwa mikono. Dada kasimama katikati ya chumba, mikono kainyoosha kama mabawa, machozi yanamtoka. Anasema pini imemchoma. Pini ipi? Mama alikuwa bado hajafungua kopo la pini!

Halafu akasema mwenyewe, ameelekea ukutani: nitaenda, Mama. Mwaka mmoja, nione.

Nikapiga yowe. Jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba.

"Kuna jeti!" nikamwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Leo wamemhoji Dada kwa video. Juu shati la kazi na nembo zake, chini kaptula. Mimi nyuma ya mlango, sijasikia kitu, feni inapiga kelele.

Katoka anacheka. Anasema yule mama kamuuliza kama amewahi kukataa kuruka.

"Ukasema hujawahi," nikamsaidia.

Kanitazama kama nimeuliza ndege ina pedali ngapi. "Mara saba! Nimemtajia zote. Hata ya yule mkubwa aliyenitukana mbele za watu. Nilimwacha na sanduku lake hapo hapo mpaka ukungu ulipoondoka."

Kumbe hilo ndilo swali lenyewe. Ndivyo anavyosema. Tajiri amezungukwa na watu wa ndiyo bwana, ndiyo bwana. Rubani ni yule mmoja anayelipwa amwambie hapana.

Nikauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza tu: na rubani ambaye hajawahi kukataa?

"Huyo ni mwongo, Propela. Au ni jeneza lenye mabawa."

Chai ilipoa mkononi mwangu.

Lakini labda yule mama hakuandika chochote. Labda alikuwa anachorachora maua. Wapo watu wa hivyo, kwenye simu.

Jumatano, 12 Machi

Jibu limekuja. Dada kalisoma kwa sauti, pole pole. Wanasikitika. Aliyoyasema yeye na aliyoyasema mkuu wake kwa simu siku ya Alhamisi yanapingana, tena katika jambo la usalama, kwa hiyo hawawezi kuendelea naye. Wanamtakia kila la heri.

Mama akasimamisha cherehani.

Dada hakulia. Heri angelia. Kasema: Mzee Mawingu! Kumbe hataki niondoke, kaamua kunichafua. Miaka mitano naye, na kukataa kwenyewe ni yeye aliyenifundisha!

Kaandika barua ya kuacha kazi, dakika mbili imekwisha. Sasa anatafuta viatu. Anakwenda kumtupia mezani mbele ya watu wote, na yatakayomtoka mdomoni hayatarudi. Mama anambembeleza, mwanangu kaa kwanza, kunywa maji. Hasikii.

Mimi niko bafuni. Nimejifungia, nimekaa juu ya ndoo, daftari gotini. Nimeshatunga uongo wa aina nne, na ule wa tatu, wa laini za simu kuingiliana, ni mzuri kweli, ungepita. Ila leo asubuhi Mzee Mawingu alinisimamisha nikiwa na ngazi begani, akaniuliza dada yako ameshajibiwa? Akasema tangu juzi anakaa karibu na simu, wasije wakapiga akawakosa. Anataka kumsifia.

Dada anagonga. "Propela, toka ninawe uso. Na uvae, twende wote. Alhamisi si ulikuwa unapiga deki ofisini kwake? Utasema ulichosikia."

Nilichosikia!

Ni mimi niliyeipokea. Si Mzee Mawingu, si laini za simu. Mimi. Nimeanza kuliandika hapa nione kama linaandikika, na kumbe ni maneno machache tu. Kulisema bado. Naangalia kitasa, na yeye anagonga tena.