Kichana cha Maji cha Timimoun

Mutua ndugu yangu,

Bwana asifiwe. Ndengu zimeota, ama mvua imewadanganya tena? Huku Timimoun, Algeria, hata wingu sijaona, lakini mitende ni ya kijani na nalala nikisikia maji. Yanatoka mbali chini ya jangwa, ndani ya handaki ambalo mababu wa wenyeji walichimba kwa mikono. Yakifika mashambani yanakutana na jiwe lililochongwa meno kama kichana, na kila boma linapata yale yanayopita kwa pengo lake. Mama Fatna, mwenye nyumba ninayolala, alipewa pengo lake na babake siku ya harusi. Niliweka kidole hapo nikahisi maji yakipita.

Jana tukinywa chai nilimwambia kwamba sisi tunachimba mchanga wa mto ndio tupate maji yaliyojificha ndani yake, na kwamba siku hizi lori zinakuja kununua huo mchanga. Binti yake alipotafsiri, mama alicheka hadi akamwita jirani aje asikie. Huku mchanga unawafikia mlangoni, wanaufagia kila asubuhi. Halafu akaniuliza, "Na maji yenu sasa yatalala wapi?"

Wenye lori wanangoja neno lako, Mutua, ndio wachote mchanga wa upande wetu wa mto, kwa hivyo nakutumia swali lake vile lilivyo.

Nikumbatilie Mama. Tende zake nimeshaweka kwa begi, na nikifika nataka tuzioshe na maji ya mto wetu.

Dada yako anayekupenda,
Mwende