Maji ya Jiwe la Angani

Chumba Na. 14,
Kituo cha Darubini,
S.L.P. 212.

9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Vipi mgongo, na duka la saa linakwendaje? Mama anameza dawa zake, au bado anazificha chini ya mto? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina hali.

Kaka, yale maji ya jiwe langu la angani hayapo.

Kazi yangu unaijua. Mwanga wa jua unaipiga asteroidi, madini yake yanameza sehemu, nasi tunapima mwanga wa infraredi unaorudi kwenye darubini. Maji huacha pengo lake kwenye mwanga huo. Nililiona pengo hilo, nikalia kwa furaha, nikaandika makala, na mkuu wa kituo akanipongeza mbele za watu.

Ila unyevu wa hewa yetu nao unameza mwanga pale pale. Ndiyo maana ni lazima upime pia nyota inayofanana na jua, papo hapo, ili uitoe hewa kwenye hesabu. Juzi fundi wa darubini alikuwa akipanga madaftari ya zamani, akaniuliza, "Daktari, hii nyota mbona umeipima saa nzima baada ya jiwe?" Nikamnyang'anya daftari. Ndani ya saa hiyo unyevu ulikuwa umeshapungua, kumbe pengo nililoliona lilikuwa la hewa yetu. Nimerudia hesabu mara saba, na kila mara pengo linafutika lote.

Jiwe lenyewe limeshakwenda zake. Litarudi baada ya miaka thelathini na moja, nami nina hamsini na nne. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu hata ya kumwaga hayakuwepo. Cheka wewe, mimi nimeshindwa. Leo nimetuma barua ya kuifuta makala. Nimekata tamaa, Kaka, sijui kesho nitaingiaje humu ndani.

Kinachoniua zaidi ni Mama. Tangu augue, anamsimulia kila nesi kwamba bintiye kaona maji mbinguni. Mwambie wewe, taratibu, akishakula. Mwambie nilizembea. Akiuliza nilikuwa wapi saa hiyo nzima, sema hujui. Yeye ndiye alikuwa amenipigia simu, anaogopa vipimo vya hospitali vya kesho yake, na sikuweza kumkatia.

Nisalimie wifi na wote wanaoniita shangazi. Mungu awatunze, na mimi asinisahau.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,
Kimacho