Kampuni Mpya, Cherehani Zile Zile

Jumapili, Kawangware. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ya Julai inaingia hadi mifupani. Majirani wote wa ploti wako kanisani. Nimebaki na redio, nayo nimeizima.

Sina kazi. Naandika hivyo ili niizoee hiyo sentensi.

Nimeshona kola miaka mingi kwenye kiwanda kilicho ndani ya lile eneo maalum la kuuza nguo ng'ambo. Sisi tunaliita zoni. Mwekezaji akija hapo, serikali humsamehe kodi kwa muda. Muda wa kampuni yetu ulipokaribia kuisha, tukaambiwa imefungwa. Baada ya siku chache geti likafunguliwa tena, likiwa na jina jipya juu. Meneja yule yule, cherehani zile zile. Ni sisi tu tuliogeuzwa wageni: ukitaka kurudi, saini kama mfanyakazi mpya. Miaka yako yote ya nyuma na haki zake zimekufa na kampuni ya zamani.

Tulikubaliana kukataa. Tulikutana kwa Nekesa, mtaa wa Silanga huko Kibera, tukabanana kitandani kwake, na ni yeye aliyepaza sauti kuliko wote: "Hakuna mtu anasaini!"

Nekesa ameshona kando yangu tangu nilipoajiriwa. Nilipomzika mama, alisafiri nami hadi kwetu Bondo na kulala chini pamoja nami.

Siku ya kuripoti kazini, wenzangu walisaini mmoja baada ya mwingine pale getini. Nekesa alisaini bila kunitazama.

Nilirudi nyumbani peke yangu.

Huko Kibera kuna wakili anayesaidia watu bila malipo. Alinisikiliza vizuri. "Sheria ya zoni inawasamehe kodi," akasema. "Haiwaruhusu kubadilisha jina ili wafute miaka yenu. Lakini itakuwa rahisi zaidi tukipata mtu wa ndani athibitishe kuwa ni kampuni ile ile."

Kwa hivyo leo asubuhi na mapema nikaenda kwa Nekesa. Bodaboda ikaniacha kituo cha Ayany, nikateremka kwa miguu hadi Silanga. Nekesa alikuwa nje akifua. Akaniingiza ndani, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa mikono ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Adhiambo, hawa watoto ni mimi tu wako naye."

"Najua."

"Na meneja anauliza nani bado anaongea na wewe." Akashusha sauti. "Usinipigie simu kwa sasa. Tafadhali."

Natamani ningekasirika. Hasira ingenipa kitu cha kufanya njiani. Nilimaliza chai, nikamshukuru, nikaondoka. Hakunisindikiza, yeye ambaye siku zote hunisindikiza mpaka barabarani.

Nilidhani nitakachokosa zaidi ni mshahara. Sivyo. Ninachokosa ni kiwiko chake kikinigusa msimamizi akipita, na kicheko tulichokuwa tukikimeza pamoja.

Sasa majirani wanarudi kutoka kanisani. Nasikia sufuria, nasikia mtu akiitwa aje ale. Hakuna anayejua kwamba karibu niamue kwenda kusaini na mimi, si kwa sababu ya njaa, bali ili nikae tena kando yake.

Sitasaini.

Kesho naenda kwa wakili. Akiniuliza nimempata shahidi gani, nitamwambia ni mimi.