Huyo Lotte Wako

Dada Vumi,

Nimekaa kwenye kiti chako. Ndiyo, hicho hicho cha dirishani, ulichonikataza hata kukiwekea mkoba. Leo ni Jumapili, saluni imefungwa, na hapa Isipingo, huku kusini tulikokimbilia, kelele iko kule kwenye taksi tu. Nimekuja na kalamu kwa sababu nina jambo na wewe na siwezi kulisema kanisani. Nina wivu, dada. Wewe uko kaburini na mimi bado nina wivu, tena si kidogo, ni ule wa kukosa hamu ya kula.

Kwanza habari. Tulikuzika vizuri. Kwaya yenu ya Wakongomani na kwaya yetu ya Warundi ziliimba pamoja bila kugombania kipaza sauti, jambo ambalo ukiwa hai hukuliona. Mdogo wako Amani aliomba ruhusa kazini kwake, kule kwenye maghala ya Clairwood, akaja na suti ya kuazima yenye mikono mifupi. Mchungaji alisema maneno mazuri. Halafu Mama Jolie, mteja wako, akajitupa kwenye udongo, wigi limekwenda upande, akalia: "Vumilia! Sasa nani atatuambia Lotte alifika wapi?" Mbele ya watu wote! Mimi niliyesuka ubavuni mwako miaka yote nimesimama kimya na leso yangu, na yeye analilia Lotte. Eish. Nilitamani kumsukuma mkae wote humo humo.

Acha niseme unayoyajua, maana nisipoyasema yataniozea tumboni. Vile vitabu ulivipata Queensburgh, kwenye boksi la vitu kuukuu nje ya kanisa fulani, ulipokuwa unatafuta sufuria. Ulitaka kujifunza Kiingereza, ukasema ni bora kujifunza na kitabu kinene. Vyote vilikuwa riwaya za wanawake wa wakati wa Wanazi, na majalada yake karibu ni moja: mwanamke kavaa koti, kashika sanduku, amekupa mgongo. Hakuna aliyeonyesha uso. Ulivipanga chini ya kioo ukaanza kuwakagua nywele. "Huyu nani alimbana hivi? Atatoka upara." Mimi nikasema, watu gani hawa wenye maringo, hawataki hata kutazamwa. Ukanijibu: "Sisi kazi yetu ni visogo, Espe. Tutawajua hivyo hivyo."

Ukaanza kuwasimulia wateja. Kitabu ulikisoma nyumbani na kamusi, saluni ukakimimina kwa Kiswahili chako cha Uvira huku vidole vinakwenda. Mtu akiuliza kama Wanazi nao walikuwa na barieri za kukagua watu barabarani, ulijibu: "Iko! Barieri iko kila pahali, tulia nikusuke." Na sheria yako ilikuwa moja: nywele zikiisha, hadithi inakatika. Aliyetaka kujua zaidi alirudi. Kuna waliofumua nywele nzuri kabisa, zisizo na kosa, kwa ajili ya kujua tu nani kakamatwa.

Nakumbuka siku ya ile familia ya Kiyahudi iliyopandishwa treni. Mama Jolie akauliza wanapelekwa wapi. Ukasema, kambini. Akashusha pumzi: "Afadhali. Kule angalau watapewa unga na turubai." Na sisi tukaitikia, maana karibu wote tumepita kambi za wakimbizi kabla ya kufika huku, na unga tulipewa. Ukasimamisha kitana. Kisha ukasema, "Kambi hiyo haina unga, mama."

Sasa, Hanna sikumwonea wivu. Hanna wa kile kitabu chenye koti jekundu ni mshonaji wa Berlin, mume kafia vitani, mchana anashona sare za askari, na juu ya dari yake amemficha Ruth, daktari wa Kiyahudi. Sawa, wanawake na mambo yao. Shida yangu ilikuwa Lotte. Lotte jirani, msichana anayechechemea mguu wa kushoto, anayewapelekea chakula na kuimba kwenye ngazi ili wale askari wa siri wa makoti marefu wasisikie Ruth akikohoa. Ukifika kwa Lotte sauti yako inabadilika. Vidole vinapoa. Unatabasamu ukitazama chini, na mimi niko pale pale kwenye kiti cha pili, na hujawahi kunitabasamia hivyo hata siku nilipokuletea kitenge cha sikukuu. Mwanamke wa kitabuni! Ulijua Lotte anapenda wimbo gani. Ulijua anavyokunja sketi akipanda ngazi. Haya, mimi napenda wimbo gani? Ungeulizwa ungejua?

Jumamosi ile ya mwisho ulimwacha kwenye foleni ya mkate. Amesimama, kikapu mkononi, na nyuma yake sauti ya mwanamume inaita: "Lotte, geuka." Ukafunga uzi, ukampiga Mama Jolie begani. "Nywele zimeisha, mama. Jumamosi." Wanawake wakapiga kelele, ukawacheka. Kabla Jumamosi haijafika, presha ikakuchukua.

Baada ya mazishi wakaanza kunijia mimi. Hawakuuliza msuko wa rasta wala wa twende kilioni, waliuliza Lotte. Mama Jolie aliniambia bila haya: "Espe, unasuka vizuri, lakini kimya chako kinaumiza kichwa. Tumalizie hadithi, la sivyo nitakwenda kwa wale dada wa pale kwenye roboti, kwenye taa za barabarani." Basi nikabeba kile kitabu cha koti jekundu. Kiingereza changu unakijua. Napiga picha ukurasa, simu inanigeuzia Kifaransa kibovu, nakinyoosha mwenyewe. Nilimkuta Hanna. Nilimkuta Ruth. Nilifika mwisho, nikarudi mwanzo nikidhani nimeruka kurasa. Lotte hayumo.

Hayumo, dada! Hakuna jirani, hakuna mguu wa kushoto, hakuna wimbo kwenye ngazi. Uliwatungia, na uso wako mkavu.

Na unajua mjinga wako alifikiri nini? Nilifikiri ni mimi. Ni kwa sababu ya mkate. Lotte wako kila mara anamwachia Hanna ile sehemu laini ya ndani, yeye anatafuna ganda. Na sisi kila mchana tulinunua bani moja ya maharage, ule mkate unaochimbwa katikati ukamiminiwa mchuzi, na mimi nikakuachia lile donge laini linalotolewa ndani, kwa sababu meno yako ya nyuma yalikuwa yanakusumbua. Hukuwahi kusema asante, ulinyoosha mkono tu. Basi nikajiambia, tazama, kumbe siku zote alikuwa ananisema mimi mbele za watu na mimi sisikii. Nikamweleza Mama Jolie. Akalia tena, akasema yeye alijua zamani. Wiki hiyo nilifagia saluni huku naimba, mimi nisiyejua kuimba. Nilianza hata kuchechemea kidogo, wasiponiangalia.

Kisha Amani akaja kuchukua vitu vyako. Alikuwa anatia mashine yako ya kukaushia nywele kwenye boksi, na Mama Jolie akamwambia kwa fahari, "Huyu Espe ndiye Lotte wa dada yako." Akamweleza yote: dari, wimbo, sketi, mguu. Amani akakaa chini. Akasema, "Huyo si Espe. Huyo ni Zawadi."

Zawadi, rafiki yako wa Uvira. Miaka yote hii sijasikia jina hilo mdomoni mwako. Amani alisimulia akitazama mikono yake. Wakati wa vita Zawadi aliwaficha ninyi wawili juu ya dari ya jiko la mama yake. Alikuwa anaimba akiosha vyombo ili kikohozi chako kisisikike nje. Siku moja akaenda kutafuta maji, akapita kwenye barieri, na mmoja wa waliokuwa wamesimama pale alikuwa jirani yenu. "Wangemwita 'wewe', asingegeuka," Amani akasema. "Walimwita jina." Ninyi mlisikia bunduki mkiwa darini.

Nilipaswa kumlilia Zawadi. Nililia, lakini najua nilikuwa nalilia nini.

Mimi nilikueleza vyote, Vumi. Mume aliyenikimbia. Mtoto aliyeondoka kabla sijampa jina. Mambo ya Bujumbura ambayo mama yangu mwenyewe hayajui. Ulinisikiliza, ukanipa chai, na mlango wako ukaufunga. Zawadi ulimchukua ukampeleka mpaka Ujerumani! Ukamnunulia koti, ukamwekea theluji na ngazi za mbao, ukamfanya aishi tena Jumamosi kwa Jumamosi, mbele ya wanawake wanaompenda. Mimi ulinipa zamu ya kuosha taulo. Ningekufa mimi kwanza, ungenisimulia kwa nani? Ungeniweka kwenye kitabu gani? Na nitashindana vipi na mtu aliyekufa kwa ajili yako? Hata sasa mko wawili huko, mnacheka, na mimi niko hapa na taulo zangu.

Kitu kimoja. Amani alipofika mlangoni na boksi nilimwita. "Na mkate? Zawadi aliwaachia sehemu laini?" Akanishangaa. "Mkate gani, Espe? Tulikuwa tunakula bugali ya muhogo, tena tukibahatika." Akaenda zake, nikabaki nimeshika kitasa. Basi mkate ni wangu! Zawadi ana mguu, ana wimbo, ana sketi, ana dari, vyote ni vyake, lakini lile donge la mkate halikutoka Uvira. Lilitoka hapa, kwenye kaunta hii yenye mafuta ya nywele. Ni kidogo, dada. Nimelichukua.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi niliyowaahidi kumalizia hadithi. Walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Mama Jolie alikaa hapa dirishani, akainamisha kichwa, akasema, "Haya." Nitakuambia ukweli wote: nilikuja nimeamua kumuua Lotte. Nilikuwa nimeshapanga. Anageuka, kikapu kinaanguka, kwisha habari yake, na kuanzia wiki ijayo tunasikiliza redio. Nikagawa nywele, nikashika uzi, nikasema: "Yule mwanamume akaita, Lotte, geuka."

Nikainua macho, na chini ya kioo wapo wale wanawake wako wa majalada na makoti yao, wote wamenipa mgongo. Miaka yote niliwaita wenye maringo.

"Hakugeuka," nikasema.

Mama Jolie akanikamata mkono. Nikaendelea kusuka na mkono mmoja, sijui hata nilisuka nini. Nikasema Lotte alisikia jina lake, akaitambua sauti ya jirani yake, na hakugeuka. Alishika kikapu akaenda. Anachechemea, anaenda. Wakaita tena, anaenda. Yule mama wa kwenye ndoo, ambaye hajawahi kusema neno humu ndani, akaanza kusema, "Nenda, mwanangu, nenda," na wengine wakamfuata, "nenda, nenda," mpaka wapita njia wakachungulia. Nilimpitisha barieri zote. Nilimtoa Berlin, nikamtoa Ujerumani yenyewe. Hanna na Ruth wabaki na kitabu chao, wamekwishaandikiwa.

Na huko alikofika nikamwekea mtu. Usimtafute kwenye kurasa, hayumo naye. Ni mwanamke mwenye kitana na mkate. Akamwambia, "Keti, dada, safari imekuharibia nywele." Akaumega mkate, akampa sehemu laini, mwenyewe akatafuna ganda, akaanza kumfumua taratibu. Ndiyo, nimejiweka. Wewe hukuniweka, nimejiweka mwenyewe, na siombi radhi.

"Na huyo mwanamke ni nani?" Mama Jolie akauliza, makamasi yanamtoka.

Nikafunga uzi. "Nywele zimeisha, mama. Jumamosi."

Walipiga kelele kuliko walivyokupigia wewe. Samahani, lakini ni kweli.

Sasa pumzika, Vumi. Kiti chako nimekikalia na sikitoi, wala mkoba wa mtu hautawekwa juu yake. Vitabu vyako nitavisoma vyote kwa Kifaransa changu kibovu. Na nakuahidi hili, mimi mwenye wivu: hata nikiamka vibaya, hata nikimchukia, Lotte hatageuka mikononi mwangu. Ukimwona Zawadi mwambie nilimfumua bila kumuumiza. Halafu, mkishamaliza kucheka kwenu, hata mara moja tu, mtajie jina langu.

Ni mimi,
Espe wako