Mpangaji wa Chini ya Banda la Kuku

Rito Hondo, New Mexico
22 Oktoba 1961

Mpendwa wifi yangu Delfina,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Lalo wako je, kifua chake kimetulia, au hewa ya bahari huko California bado inamtesa? Mama anauliza kama mnapata pilipili ya maana huko, kwa sababu kwenye picha uliyotuma anaona umekonda. Nikamwambia umekonda kwa raha. Hakucheka.

Sisi hatujambo, kwa maana kwamba hakuna aliyelala kitandani. Lakini nina hofu, wifi. Nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Keti kwanza, halafu usome.

Yote yalianza na kicheche. Tangu kiangazi alihamia chini ya banda la kuku, kwenye lile shimo ulimokuwa ukificha peremende zako. Nilisema afukuzwe. Kaka yako akasema, "Muache, anakula panzi na panya. Ana faida kuliko binamu zako." Akampa jina, Mpangaji. Kila jioni akitoka, mkia juu, Celedonio alimvulia kofia. "Shikamoo bibi! Kodi lini?" Yai likipotea, alisema huo ni mshahara wa mlinzi. Unamjua kaka yako, kila kitu mzaha.

Mwanzoni mwa mwezi huu mimi na Mama tulikuwa barazani tukifunga mashada ya pilipili, jua la saa sita linachoma, Mpangaji akatoka. Lini umeona kicheche saa sita mchana? Alitembea kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Hakutuogopa, hakuinua mkia, akaenda moja kwa moja kwenye zizi la mbuzi. Mbuzi wakarundikana ukutani. Pinto, yule mbwa uliyemwacha mdogo akilala ndani ya kiatu, akaruka ua na kumkamata. Kicheche akamng'ata mdomo wa juu na akagoma kuachia. Na hapo ndipo alipotumwagia harufu yake yote! Mama alijifunika aproni usoni akawaita watakatifu wote kwa majina.

Celedonio akaja na bunduki. Walipoachana tu, akampiga kicheche risasi moja ya kichwa. Unajua alivyo, hata sungura akimpiga mahali pengine huona aibu kumleta nyumbani. Alijisifu mpaka maharage yakapoa. Kisha akampeleka korongoni akamchoma moto, maana uvundo ule ulikuwa hauvumiliki.

Nasi tukamwogesha Pinto kwa nyanya ili kuukata uvundo. Nyanya zangu zote za chupa, wifi, nilizozipika Agosti nzima. Celedonio alimshika shingo, mimi nikamsugua uso, pua, na mdomo wenyewe uliokuwa ukitoka damu. Mbwa mwekundu mpaka masikioni, Mama anatuambia tumwongezee kitunguu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sasa kile kicheko nakijutia.

Maana siku chache baadaye bwana mifugo alipita. Farasi mmoja wa kule bondeni amekufa kwa kichaa cha mbwa, na aliyemng'ata ni kicheche. Akauliza kama kuna tuliyemwona. Celedonio akamsimulia kwa mbwembwe zake zote, risasi, nyanya, kitunguu. Yule bwana hakutabasamu.

"Nipeni kichwa," akasema. "Mjini wanapima ubongo, kesho kutwa mtajua."

Kaka yako akatazama upande wa korongo. Halafu akasema polepole, "Kichwa ndicho nilichopiga. Na kilichobaki nimekichoma."

Bwana mifugo akatazama mikono ya Celedonio, yote imechanwa na seng'enge ya zizi. Akatazama na yangu. Kisha akavua kofia. Wifi, kofia ile ndiyo iliyonitoa roho.

Daktari wa mjini akasema tusingoje. Ni sindano za tumboni, kila siku, na ziwahi kabla ugonjwa haujafika kichwani, kwa sababu ukishafika hakuna dawa. Akatueleza mwisho wake. Mtu ana kiu, lakini akiona maji koo linajifunga kwa hofu.

Kaka yako akakataa katakata. "Mimi sikuumwa. Aliyeumwa ni Pinto. Mchomeni Pinto." Mwanaume aliyezimia kwenye foleni ya chanjo ya jeshi, hilo unalijua vizuri kuliko mimi. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikalia. Mama alimpigia magoti, mama yake mzazi, na bado alikaza shingo. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya banda la kuku nikaona nimeshakuwa mjane.

Siku iliyofuata nilikuwa namenya pilipili za chakula cha mchana. Unajua vidole vyetu vinavyokuwa Oktoba, vimepasuka mpaka nyama inaonekana. Nikashtuka kwa uchungu, yeye akainua macho kutoka kwenye sahani.

"Mikono imekuwaje?"

"Pilipili."

Akaitazama kwa muda. Nikaona anahesabu mambo kichwani, moja moja. "Ulimwosha Pinto na mikono hiyo? Mdomoni?"

"Ulikuwepo."

"Kavae viatu. Twende kwa daktari."

Nikamwambia, "Mimi sikuumwa. Mchomeni Pinto."

Alisukuma sahani, akachukua kofia, na nikasikia pikapu inawaka. Alichomwa yeye kwanza, wifi, macho ameyafumba, amenishika mkono mpaka ukafa ganzi. Hakuzimia.

Sindano tumezimaliza jana. Tumbo langu gumu kama ubao. Daktari anasema tumewahi, tusiogope. Lakini Pinto amefungiwa bandani peke yake mpaka theluji iyeyuke, tuone kama ataugua, na nikienda kumtazama nasimama mbali. Mpaka sasa anakula.

Celedonio naye ana jambo lake jipya. Siku za kwanza, kila asubuhi alikuwa anajaza glasi ya maji, anainywa yote mbele yangu, anafuta masharubu na kuniuliza, "Umeridhika, daktari?" Nikamrushia taulo. Sasa haulizi tena. Ananywa yake, halafu anajaza glasi ya pili, ananipa mimi, anasimama hapo hapo kuniangalia kooni. Leo maji yalimwagika kidogo mezani kabla glasi haijanifikia. Nikayanywa yote, nikamwonyesha. Akaenda kukaa na mbuzi.

Ukimwandikia, usimtanie habari za sindano. Mtanie za nyanya.

Msalimie Lalo sana, na watoto, Arsenio na Viola; Viola mwambie mkaza mjomba wake wa mbuzi anamkumbuka. Mama anawabariki wote kwa msalaba wa kidole gumba, na ameniamuru niandike kwamba mle. Mungu awafunike huko mliko, na atufunike sisi mpaka theluji iyeyuke.

Wifi yako akupendaye, na aliyekunywa maji yake leo,

Eduvigen