Kwa Nini Nilijifunga Mkanda

Mdogo wangu kipenzi,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kuwa barua hii itakukuta umeketi na si umelala, na kwamba juzi ile mashine ya kusafisha damu haikukuchosha kama mara iliyopita. Mama yuko hapa karibu yangu anashonea sweta vifungo, anauliza kama miguu imepungua kuvimba. Anauliza pia kama unakunywa maji kwa kipimo ulichopewa au umeanza ukaidi wako. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Mwambie yule mdogo kwamba shangazi yake bado ana nguvu za kumbeba, ila lile tumbo alilokuwa akililalia kama mto halipo tena, atafute mto wa dukani.

Sisi huku ni wazima. Dukani mashine ya kukandia unga iliharibika, kwa hiyo nakanda kwa mikono, na mabega yananikumbusha usichana wangu. Mikate inatoka vizuri na wateja hawajalalamika, isipokuwa yule mzee wa jirani ambaye asipolalamika tutampeleka hospitali.

Najua unashangaa kwa nini nimeshika kalamu ilhali simu ipo. Mdogo wangu, wewe kwenye simu humwachi mtu afike mwisho. Ukihisi tu maneno yanaelekea kwenye ugonjwa wako, utasikia, "Dada, nitakupigia," na ndiyo basi tena. Barua haikatizwi. Soma mpaka mwisho, kisha kama ni kukasirika, kasirika.

Nianze na upasuaji wangu. Mwaka jana ulisikia kwa mama kwamba nimewekwa mkanda tumboni ili nipungue, ukanipigia siku hiyohiyo. Ulisema wengine tunachanwa ili tuishi, wengine wanachanwa ili wapendeze. Mimi nilijibu tu, "Haya, pumzika mdogo wangu," nikakata simu. Sikukumbushi ili nikuumize. Ulikuwa umetoka kwenye mashine, umechoka, na mtu akichoka namna ile ulimi humtangulia. Lakini tangu siku ile umekuwa ukinisalimia kama unavyomsalimia mtu wa ofisini, na mimi nimenyamaza. Leo nataka uelewe kwa nini nilinyamaza.

Huo mkanda ni kitu kidogo, laini, unafungwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia bila kulibana kabisa. Chini ya ngozi wanaacha kidude kama kifungo cha koti. Nesi hudunga sindano hapo, anaongeza maji kidogo, na mkanda unabana. Watu wanadhani ukishawekewa basi umemaliza, unalala bonge unaamka mwembamba. Wapi! Mkanda ni bawabu tu, tena bawabu mwenye upendeleo. Anaikamata nyama, anaukamata mkate, lakini maziwa matamu ya kopo yanampita anayaangalia tu.

Na mimi ni mwoka mikate! Wiki niliyorudi kazini nilionja ncha ya mkate kama nilivyozoea maisha yangu yote. Ile ncha ilinikaa kifuani kama ngumi. Nilipiga magoti nyuma ya magunia ya unga, machozi yananitoka, huku mteja anagonga meza akiuliza kama duka lina wenyewe. Siku ile nilijiambia sitaweza.

Nesi ndiye aliyenielekeza kwenye kundi. Tunakutana Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo pale hospitalini, watu wote waliowekewa mikanda. Nilipofungua mlango, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba viti vyote havina mikono. Nikajua aliyevipanga anatujua. Wewe hujawahi kukwama kwenye kiti mbele za watu, huwezi kuelewa furaha niliyoipata.

Humo nimepata ndugu wawili. Mmoja ni dereva wa lori, mtu mzima, wenzake wamembandika jina la Tingatinga, naye amelikubali. Wa pili ni msusi, binti mcheshi. Tunamwita Bi Harusi kwa sababu harusi yake ilikuwa ikiahirishwa kila mara, akisubiri mwili uingie kwenye gauni alilolinunua dogo makusudi. Tukikutana tunasalimiana, "Kaza mkanda!" na mwenzako anajibu, "Usikatike!" Tunacheka kama wajinga. Nesi alituuliza siku moja kila mtu anataka nini akishapungua. Bi Harusi akasema gauni. Tingatinga akasema anataka kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, maana ni binti yake anayemfungia kila alfajiri kabla ya kwenda shule, na binti anakua, ameanza kumwonea baba yake huruma. Ilipofika zamu yangu nilisema afya. Waliniangalia, hakuna aliyeamini, lakini hakuna aliyeniuliza.

Tingatinga kilichomshinda ni kula peke yake. Njiani anasimamisha gari, ana njaa na ana haraka, anameza bila kutafuna, chakula kinakwama, anatapika kando ya tairi akiogopa madereva wenzake wasimwone. Alipotusimulia alikuwa akitazama sakafu. Basi nikamwambia saa ya chakula cha mchana anipigie simu. Tangu hapo tunakula pamoja kwa simu, yeye ndani ya lori lake huko aliko, mimi juu ya gunia la unga. Hatuongei. Namsikia anatafuna, ananisikia natafuna, na akitaka kufanya haraka namwambia, "Bado, baba, bado. Haya, meza sasa." Mama alipotukuta mara ya kwanza alidhani nimepata mchumba mwenye tabia za ajabu.

Kisha Bi Harusi akapata msukosuko. Mkanda wake uliteleza ukakaa vibaya, akawa hata maji hayashuki, wakamfungua tena wakautoa. Jumamosi iliyofuata alikuja na keki mkononi kutuaga, eti yeye si mwenzetu tena. Tingatinga aliichukua ile keki, akaiweka nje dirishani, akarudi akamvutia kiti. Alimwambia hapa hatukuita mikanda, tuliita watu. Bi Harusi alilia hadi wanja ukamfika kidevuni. Hajakosa Jumamosi hata moja, na leo ndiye anayetuongoza matembezi ya kuzunguka uwanja wa kuegesha magari, akituswaga kama mbuzi wa mnada.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Kuna wakati mwili wangu uligoma. Nilikuwa napungua vizuri, kisha mizani ikaganda. Nilitembea, nilitafuna, nilijinyima, wapi. Hapo hapo mama akaniambia umelazwa kwa sababu ya maji kujaa kwenye mapafu. Nilipoisikia habari hiyo nilikaa jikoni na kopo la maziwa matamu na kijiko, nikalimaliza, na kesho yake nikafungua lingine. Nikaacha kwenda kwenye kundi. Simu ya mchana ikilia, siipokei.

Asubuhi moja foleni ilikuwa imefika mlangoni, mara namwona Tingatinga amesimama katikati ya watu, kofia mkononi. Akangoja zamu yake kama mteja yeyote. Alipofika mbele nikamuuliza, kwa aibu, nimpe mkate gani. Akasema, "Dada, sikuja kununua. Nimekuja kukuchukua." Yule mzee wa jirani akadakia kwamba kama ananichukua, angoje kwanza yeye mzee ahudumiwe. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha kicheko kikageuka kilio pale pale kaunta, na mikono yangu imejaa unga.

Tingatinga alikuwa ameliegesha lori lake kubwa mbele ya duka, limeziba barabara nusu. Ndani yake alikuwa Bi Harusi. Wakanipandisha, tukaenda hadi pale hospitalini, na ingawa haikuwa Jumamosi nesi alitufungulia chumba. Tukakaa wanne kwenye vile viti. Nesi akaniuliza taratibu, safari hii niseme ukweli, nilikuwa natafuta nini kwenye huu mkanda. Nikawaambia. Na nilichowaambia wao ndicho ninachokuandikia wewe.

Mdogo wangu, figo zako zilipokufa, wewe ulimwambia mama kwamba hutaki hata mmoja wetu apimwe, kwamba bora ufe kuliko kumkata ndugu yako. Mama alilia, sisi tukanyamaza, ukadhani tumekutii. Mimi sikukutii. Nilikwenda kupimwa wiki hiyohiyo. Damu yangu na yako zinakubaliana, daktari alisema kama zimetoka kwenye birika moja. Lakini alinitazama, akaitazama mizani, akasema kwa mwili ule hawezi kunitoa figo, kwamba ataniua mimi na hatakuponya wewe. Shinikizo la damu lilikuwa juu, sukari ilikuwa inanyemelea. Nilimuuliza nifanye nini. Akasema nipungue, tena nipungue nibaki hapo.

Ndiyo sababu nilichanwa. Gauni lolote lingenitosha, kama lisingetosha lingeshonwa lingine. Nilikunyamazia kwa sababu nilijua utanikataza, na zaidi ya hapo, niliogopa kukupa tumaini halafu mwili wangu ukatuangusha wote wawili. Uliponiambia nimechanwa ili nipendeze, nilitaka kupasuka kwa kusema. Nikauma shuka.

Nikamaliza kuwaeleza. Tingatinga alivua kofia akaiweka magotini. Bi Harusi ndiye aliyeanza, tena kwa hasira, akiuliza iweje niwaache wakipigia makofi magauni na kamba za viatu huku nimebeba mzigo kama huo peke yangu. Kisha akanikumbatia. Toka siku hiyo sijatembea peke yangu. Kila asubuhi nikishatoa mikate ya kwanza kwenye tanuri, Bi Harusi yuko mlangoni na raba zake. Mchana ni Tingatinga na simu yake, na sasa yeye ndiye anayeniambia, "Bado, dada, bado." Maziwa ya kopo nilimpa mama ayagawe. Na taratibu, kwa shingo upande, mizani ikakubali kusogea.

Bi Harusi ameshaolewa, nilisahau kukuambia. Alilitoa lile gauni dogo, akanunua linalomtosha. Alisema ukishasikia mtu anapunguza mwili ili aweze kumpa nduguye figo, unaona haya kuendelea kugombana na zipu. Na Tingatinga alitupigia simu kwa kelele siku moja alfajiri, nikadhani amepata ajali. Alikuwa amefunga viatu. Binti yake alikuwa amesimama pembeni anamhesabia.

Wiki iliyopita madaktari waliniita. Shinikizo limeshuka, sukari imekimbia, uzito umetulia kwa muda walioutaka. Wakaniingiza kwenye chumba na mama mmoja mpole aliyefunga mlango akaniuliza kama kuna mtu wa familia anayenilazimisha. Nilicheka hadi akaingiwa na wasiwasi. Nikamwambia anayehusika hata hajui, na akijua, yeye ndiye tutakayemlazimisha. Baada ya hapo wakasaini. Mdogo wangu, wamenikubali.

Najua unachotaka kusema sasa hivi. Utasema hutaki kuishi kwa jeraha la dada yako. Nisikilize. Baba alipofariki, wewe ndiye uliyeacha shule ukajifunza kuchomelea vyuma, na tanuri ninalookea uliliunganisha kwa mikono yako, kwa mabati ya kuokota, vidole vimejaa malengelenge. Sikukuambia sitaki uumie kwa ajili yangu, niache nikae bila kazi. Nilipokea, nikawasha moto, nikaoka. Nawe pokea. Huu si ukarimu wangu kwako, wala si malipo. Mimi nina mbili, wewe huna, na watoto wako wanakuhitaji zaidi ya mtu yeyote duniani, labda mimi tu ndiye ninayewakaribia.

Wifi anajua. Usimkasirikie, nilimwapisha. Mama naye amejua tangu jana, ndiyo maana anavikaza hivi vifungo anavyoshona. Daktari wa huko kwenu ameshazungumza na wa kwangu, wanachosubiri ni neno lako.

Usinijibu kwa barua, wala usipige simu, maana utakatiza. Nakuja mwenyewe. Tingatinga ana mzigo wa kupeleka upande wenu Jumapili, atanishusha mlangoni kwako, na Bi Harusi amesema haiwezekani yeye abaki. Ukifungua mlango, nitajua umekubali. Usipofungua, nitakaa hapo nje hadi ufungue, na unajua vizuri kwamba mimi nikikaa mahali siondolewi kwa urahisi, niwe bonge au niwe mwembamba.

Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mama anasema vaa soksi, na anasema anakupenda, ila hilo la pili amelisema akitazama vifungo.

Ni mimi nikupendaye, nitakayekuona Jumapili,

Dada yako mkubwa